Mbele ya shindano, mtupe njia

Katika mwaka 2011 televisheni ya Tanzania ilionyesha shindano lenye jina rahisi: Ruka Juu. Walilitengeneza Femina HIP, wale wenye gazeti la vijana la Fema. Vijana sita wenye biashara ndogo ndogo walishindana wiki kwa wiki mbele ya kamera. Walipewa kazi za kufanya, walipimwa, na mwisho mmoja akatoka mshindi. Mtazamaji alifurahia mchezo, na katikati ya mchezo alifundishwa mambo ya kweli: kutafuta soko, kumpokea mteja vizuri, kuandika hesabu, kuweka akiba.

Mashindano ya namna hii yako dunia nzima sasa. Ile namna ya kijana kusimama mbele ya matajiri na kuomba feza ilianzia Japani mwaka 2001. Waingereza wakaichukua mwaka 2005 na kuipa jina Dragons' Den. Jirani zetu wa Kenya wakaanza ya kwao mwaka 2016, KCB Lions' Den, kwa msaada wa benki ya KCB. Kijana anaeleza wazo lake, matajiri wanamuuliza maswali makali, halafu mmoja anatoa feza na kuchukua sehemu ya biashara, ao wote wanakataa na kijana anarudi nyumbani mikono mitupu. Vipande vya mashindano hayo vinafika mpaka kwetu, ndani ya simu. Pale penye umeme wa jua na mtandao kidogo, vijana wanaviangalia na kubishana nani alistahili.

Na hapa kwetu, ndugu msomaji, neno entrepreneuriat limekuwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kijana wa Masisi mwenye diplome d'État anaambiwa asingoje kazi ya Serikali, ajitengenezee ya kwake. Yule aliyeacha bunduki anapewa cherehani na semina ya siku chache. Mama aliyekimbia kijiji anafundishwa kupanga bei ya sabuni ndani ya kambi. Basi haishangazi kusikia watu wakiuliza: juu ya nini na sisi tusipate shindano letu, la vijana wa Masisi na Walikale, lenye kamera, majaji na zawadi?

Jibu langu ni hili: siku moja, ndiyo. Lakini si kwa namna lilivyo. Shindano la namna hiyo linauliza kijana maswali yote isipokuwa lile moja linaloua biashara kwetu. Na mtu akishindwa juu ya swali ambalo hakuulizwa, watasema alikuwa mvivu.

Maswali ya majaji

Majaji wa televisheni wanauliza nini? Wanauliza: bidhaa yako ni gani? Nani anainunua? Inakugharimu ngapi, unauza ngapi? Ukipewa feza, utakua namna gani? Ni maswali mazuri. Mtu yeyote mwenye kuchuruza anatakiwa kuyajibu.

Sasa tuchukue kijana anayetengeneza fromaji huko Masisi, ile Watanzania wanaita jibini. Watu wote wa Goma wanaijua fromaji ya Masisi. Ufundi wake uliletwa na wazungu, wamisionari na wenye mashamba, na leo uko mikononi mwa watu wetu, kwenye vilima vya Mushaki, Ngungu, Nyamitaba na Kitchanga. Kijana anapokea maziwa asubuhi, anayapasha moto, anatia dawa ya kugandisha, anakamua maji, anabana kwenye kalibu, anatia chumvi, halafu anapanga kwenye mbao na kungoja ikomae. Umeme hauko, friji haiko. Baridi ya mlima njo friji yake.

Mpeleke kijana huyu mbele ya majaji. Bidhaa yako ni gani? Fromaji. Nani ananunua? Goma nzima, na zamani Kinshasa, juu ilikuwa inapanda ndege. Gharama? Anaijua, anaihesabu kichwani bila kalamu. Utakua namna gani? Hapo njo anaanza kusitasita, na jaji atadhani ni haya ao ni ujinga. Si haya. Kijana anawaza njia.

Tufanye hesabu ya mfano, ili tuelewane. Tuseme kijana ametoa fromaji 60, na kila moja ingemwachia faida ya franka 1,500 akifika sokoni. Ni franka 90,000. Tuseme njiani kuna bariera sita, na kila moja inamwomba franka 10,000. Faida inabaki 30,000. Wiki inayofuata zinaongezeka bariera mbili, kwa sababu kundi lingine limeshuka kutoka mlimani. Faida inabaki 10,000. Siku ambayo moto inaharibika na anachelewa mpaka jua limeingia ndani ya mzigo, hapo amepata hasara, na deni la maziwa linamngoja nyumbani.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini bariera si za mfano. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Antwerp huko Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Denmark, walitoa ripoti yenye jina ambalo hapa kila dereva angeweza kuliandika: kila kinachotembea kitatozwa. Walihesabu bariera 798 ndani ya Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Nyingine zilikuwa za makundi yenye silaha. Nyingi zilikuwa za watu wa Serikali wenyewe: askari, polisi, watu wa kodi, kila ofisi na kamba yake. Tangu wakati ule wenye kushika njia wamebadilika mara nyingi. Kamba imebaki.

Kwenye pango la simba wa Kenya, tajiri anayetaka sehemu ya biashara yako anatoa feza yake kwanza. Tunabishana kama asilimia 20 ni nyingi ao ni kidogo, lakini ameweka kitu mezani. Kwetu biashara iko na wabia mbele haijazaliwa, na wabia hao hawaweki kitu. Hawaulizi kama umeuza ao hukuuza. Ukikula hasara hawashiriki hasara yako. Kesho wako pale pale.

Na haikomei njiani. Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale watu wanajua jina lala salama. Ni ile feza ambayo nyumba inatoa kila mwezi kwa wenye bunduki ili iachwe ilale. Anayelipa anapewa jeton, kikaratasi. Siku ya kupita bila jeton utajua. Yule kijana wa fromaji, na mama anayenunua maharagi, na anayechonga chukudu, wote wameshalipa mbele jua halijapanda. Hakuna kitabu cha biashara kinachoweka mstari wa gharama hiyo. Lakini iko, na kila mtu anaitia ndani ya bei.

Walikale na hesabu ya mzigo

Tushuke sasa Walikale, maana mambo ya kule si sawa kabisa na ya Masisi. Walikale ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini: kilometa mraba zaidi ya 23,000, zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima, karibu yote msitu. Udongo unatoa mihogo, ndizi, mpunga, mafuta ya mawese. Shida haiko kwenye kuzalisha. Shida ni kutoka.

Barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu, inapita Hombo na Walikale na kuelekea Lubutu na Kisangani, ingekuwa mshipa wa teritwari hiyo. Mvua ikinyesha, lori linazama siku nyingi kwenye tope, na mzigo unaoza huku dereva anapika kando ya njia. Ndiyo maana miaka ile ya kasiterite ya Bisie, ndege ndogo zilikuwa zinatua Kilambo, juu ya kipande cha barabara yenyewe. Magari yanasimama, ndege inashuka, inapakia madini, inaruka kwenda Goma.

Fikiria kitu hicho kidogo. Kasiterite ilipoanza kuchimbwa Bisie, karibu mwaka 2002, wabebaji waliitoa msituni kwa mgongo, magunia mazito, mwendo wa siku mbili mpaka Ndjingala. Na bado ililipa. Ililipa mchimbaji, mbebaji, mwenye bunduki, mnunuzi na ndege. Juu ya nini? Juu kilo moja ya madini inabeba bei kubwa ndani ya mzigo mdogo. Bidoni ya mafuta ya mawese haiwezi kulipa ndege. Gunia la mpunga haliwezi kulipa bariera kumi na kubaki na kitu.

Kwa hiyo tunapoona kijana wa Walikale ameacha shamba la baba yake na kushuka ndani ya shimo, tusikimbilie kusema hana akili ya biashara. Amefanya hesabu ambayo majaji wa televisheni wangempigia makofi. Ameangalia bidhaa zote za kwao na kuchagua ile peke yake inayoweza kuvumilia njia yetu. Ni sawa huko Rubaya, Masisi, kwenye coltan. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema machimbo ya pale yanatoa karibu asilimia 15 ya coltan ya dunia, na M23 ilipoyashika mwishoni mwa Aprili 2024, ushuru ukawa wao. Mkulima wa viazi wa kilima cha jirani anaona yote haya kwa macho yake. Hahitaji semina ili aelewe.

Mnamo Septemba 2010 Rais wa wakati ule, Joseph Kabila, alisimamisha uchimbaji ndani ya Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Kama shida ingekuwa vijana kukosa mawazo mengine, miezi ile wangerudi mashambani na biashara nyingine zingechipuka. Lakini ndege zilipoacha kuja, chumvi, sabuni na dawa zilikuwa ngumu kupata na bei ilipanda, kwa sababu ndege iliyobeba madini kwenda njo ile ile iliyoleta bidhaa wakati wa kurudi. Njia haikutengenezwa katika miezi ile. Marufuku ilipotolewa, watu walirudi shimoni.

Cheki kubwa, na nani anaiangalia

Iko kitu kingine kuhusu shindano ambacho watu wa studio hawawezi kukiona. Mwisho wa msimu mshindi anasimama katikati, anakabidhiwa cheki kubwa ya karatasi, na kiasi kimeandikwa kwa herufi ambazo hata aliye mbali anasoma. Nairobi ni picha nzuri. Masisi ni tangazo kwa watekaji.

Tunajua wote namna watu wanavyotekwa kwenye njia za Masisi na Rutshuru. Wanachukuliwa wanaosikika kuwa na kitu: mwenye duka, mwenye moto mbili, mtoto wa mtu aliyeuza ng'ombe. Ndiyo maana mchuruzi mwenye akili kwetu anajificha. Anavaa vibaya siku ya kusafiri na feza. Anagawanya mzigo wake kwa watu watatu. Hapaki duka lake rangi mpya. Akiweza kununua lori, ananunua moto, kwa sababu moto inapita pembeni na lori linaonekana.

Shindano linapenda kinyume cha hayo yote. Linasema: kua, onekana, jitangaze, jina lako lijulikane. Kwetu kukua kunaadhibiwa. Ukiwa na mbuzi wawili wanakuacha, ukiwa na kumi wanakuandikia. Kijana anayebaki mdogo si kwamba hana ndoto. Amejifunza ni ukubwa gani unaweza kuishi.

Halafu hiyo cheki ataipeleka wapi? Hapa Kenya na sisi tumekutana kwa namna ya ajabu. KCB, benki inayobeba jina la shindano la Kenya, mwishoni mwa mwaka 2022 ilinunua asilimia 85 ya TMB, benki yetu iliyozaliwa Lubumbashi. Kwa hiyo simba wa Nairobi ni mwenyeji pia kwetu. Lakini Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, mabenki ya mji yalifunga milango. Uwanja wa ndege ulifungwa pia. Aprili M23 wakafungua CADECO, kasa ya akiba, na watu wakabaki wanajiuliza kama weke feza yao pale ao hapana. Wengi walikuwa wanavuka mpaka Gisenyi kutafuta noti. Mchuruzi wa Kitchanga, ambaye hata mbele ya hapo hakuwa na benki karibu, alibaki na simu yake na wakala wa M-Pesa ao Airtel Money, pale mtandao unaposhika, na wakala naye anakata sehemu yake juu noti hazionekani.

Silaumu benki kwa kufunga mlango wakati risasi zinapita. Ninasema tu kwamba shindano linasimama juu ya vitu ambavyo kwenye studio havihesabiwi: benki iliyo wazi, noti za kutosha, njia ya kupita, askari ambaye hakuombi kitu. Mshindi wa Nairobi havitaji vitu hivyo kwenye hotuba yake, kwa kuwa vilikuwapo tangu asubuhi.

Yale ya Dar es Salaam

Mtu atasema: sawa, njia ni mbaya, lakini mafundisho hayaui. Kijana akiangalia Ruka Juu na kujifunza kuandika hesabu, amepoteza nini?

Swali hilo lilipimwa. Watafiti wa uchumi, wengi wao kutoka Norway, walifuatilia Ruka Juu ya mwaka 2011 kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari za Dar es Salaam. Wengine walipewa sababu ya kuangalia shindano, wengine hapana, halafu wakawalinganisha kwa miaka kadhaa. Matokeo yalichapishwa baadaye katika jarida la kisayansi. Walioangalia walipenda biashara zaidi, na wasichana zaidi ya wavulana. Hiyo ni nzuri. Lakini upande wa masomo walirudi nyuma, na baadaye haikuonekana wazi kwamba wamefungua biashara zaidi kuliko wenzao.

Soma tena, ndugu, maana hapo njo moyo wa jambo. Hamu ilipanda, shule ikashuka, na biashara haikuonekana. Na hiyo ni Dar es Salaam, mji wenye bandari, lami, benki na amani. Sasa chukua hamu ile ile uilete Masisi, mahali ambapo shule nyingi zimegeuzwa makao ya waliokimbia ao ya askari, na mtoto anayeacha darasa ana milango miwili iliyo wazi mbele yake, shimo na bunduki. Tutakuwa tumempa sababu nzuri ya kuacha shule bila kumpa mahali pa kwenda.

Sitaki nieleweke vibaya. Mashindano yametoa watu wa maana. Mwaka 2020 Mkenya Chebet Lesan, mwenye kampuni ya makaa yanayotengenezwa kwa takataka, alishinda dola 300,000 katika shindano la Africa's Business Heroes la mfuko wa Jack Ma. Kwetu, ambako makala inakata msitu wa Virunga kila siku, wazo kama lake lina kazi. Na iko haki pia kwa wanaosema vijana wetu wamechoka kuonyeshwa kwenye televisheni kama wakimbizi tu, na hema nyuma yao. Wanataka waonekane wakifanya kazi. Ninawaelewa kabisa. Mtu wa Masisi anachuruza ndani ya vita tangu miaka ya 1990. Anajua bei ya maharagi ya Goma mbele ya mtu wa Goma. Barabara ya Sake ilipofungwa na mapigano mwaka 2024, maharagi na viazi vikapanda bei sokoni, na mji mzima ukatambua nani anaulisha.

Lakini sababu hiyo hiyo njo inanifanya niseme: watu hawa hawana upungufu wa ujasiri. Anayewaambia kwamba wanahitaji kwanza kubadilisha mawazo yao anawatukana bila kujua. Kuna AVEC ndani ya vijiji vya Masisi ambazo akina mama wamezishika miaka na miaka, wamehama nazo, sanduku limefungwa kwa kitenge, na kila mtu alipata hesabu yake mpaka franka ya mwisho. Mpe jaji yeyote sanduku lile siku moja ya kukimbia, tuone.

Kama linakuja, lije hivi

Najua mashindano yatakuja, maana wafadhili wanayapenda na kamera inapenda vijana wenye kusema vizuri. Basi kama yanakuja, niombe mambo manne.

La kwanza, kipindi cha kwanza kifanyike njiani, si studio. Majaji wapande na mzigo: kutoka Kitchanga mpaka Goma, ao kutoka Mubi mpaka Bukavu. Kama usalama hauruhusu kamera, waketi na dereva akirudi, waandike. Kila kituo, kiasi gani, nani amepokea, risiti iko ao haiko. Bila karatasi hiyo hawana haki ya kumuuliza kijana juu ya faida.

La pili, zawadi isiwe cheki ya mtu mmoja mbele ya watu wote. Iende kwa AVEC ao kwa ushirika, na kiasi kisitangazwe. Bora zaidi, iwe ahadi ya kununua. Mwenye hoteli ao duka kubwa aseme: nitachukua fromaji yenu kila wiki, mwaka mzima, kwa bei hii, na gari nitatuma mimi. Mwenye mkataba kama huo atajua atengeneze ngapi. Na mzigo wa mtu mkubwa unapita bariera kwa heshima nyingine, tusidanganyane.

La tatu, kwenye meza ya majaji akae mama mmoja wa Birere ao wa soko la Virunga, aliyenunua mizigo ya Masisi miaka 20. Atauliza maswali ambayo mwenye diploma ya ng'ambo hatayawaza: umeifunga na nini, imelala wapi, nani alikuwa zamu siku hiyo.

La nne, mtoto wa shule asishindane. Mwenye miaka ya kusoma asome. Zawadi yake iwe minerval.

Na kwa wale wanaotawala, popote wanapotawala, ombi langu ni fupi kuliko hayo. Kodi halali ziandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, mahali pa kulipia. Mtu alipe mara moja, apewe risiti moja, na risiti hiyo iheshimiwe mpaka sokoni. Kila bariera isiyokuwa ubaoni iondolewe. Hakuna anayesema watu wasilipe kodi. Watu wa Masisi na Walikale njo wanaolipa kodi kuliko wote, na hawajaona hata daraja moja juu yake.

Mwenye kuandaa shindano na aanze na ukurasa mmoja tu: kutoka kijiji mpaka soko, mzigo unalipa nini, kwa nani, kwa sheria gani. Auchapishe mbele ya kumtafuta mshindi yeyote. Siku ukurasa huo utakuwa na mistari miwili ao mitatu, hatatafuta vijana. Watakuja wenyewe, na mizigo yao mgongoni.